Maswali ya Wasomaji: Kilichomo Ndani ya Kishonanguo, Ndulele na Kivumbasi

Barua nyingi tulizopokea msimu huu wa palizi zinahusu jambo moja. Wasomaji wamesikia, wengine redioni na wengine kwenye simu zao, kwamba magugu wanayoyang'oa na kuyachoma yamejaa kemikali zinazoua kuvu pamoja na zile ziitwazo antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia chembe za mwili zisiharibiwe na oksijeni iliyochachamaa. Wanauliza kama ni kweli, na kama ni kweli, wanufaike nazo vipi. Kwa swali la kwanza jibu ni ndiyo. Swali la pili linahitaji nafasi zaidi, kwa sababu kati ya kuona kemikali ikiua kuvu katika kisahani cha maabara na kupata dawa ya kupulizia viazi au ya kupaka mtoto kuna safari ndefu, na wengi wanaotangaza habari hizi huiruka safari hiyo yote.

Ndugu Mhariri, shamba langu la kahawa na migomba liko mteremkoni mwa Mlima Kilimanjaro, na kila msimu kishonanguo hunitesa kuliko gugu lingine lolote. Mwanangu aliye chuoni ananiambia kwamba kina kemikali za thamani. Kama ni kweli, kwa nini dawa iwe ndani ya gugu na si ndani ya mahindi?
*Mkulima, Moshi Vijijini*

Mwanao amesema kweli. Kishonanguo, ambacho wataalamu hukiita Bidens pilosa, asili yake ni bara la Amerika, na kimeenea karibu katika nchi zote za joto kwa mbegu zake nyeusi zinazong'ang'ania nguo za watu na manyoya ya wanyama. Majani yake yana flavonoidi za aina nyingi, na yana pia asidi ya klorojeni, ambayo ni ileile iliyomo kwa wingi katika buni zako. Hizo ndizo antioksidanti zake. Kwa upande wa kuvu, silaha yake kubwa ni kundi la kemikali ziitwazo poliasetilini, na mojawapo iliyochunguzwa sana ni fenilheptatraini.

Ili kuelewa kwa nini gugu lina vitu hivi, lifikirie likiwa limesimama katikati ya shamba saa saba mchana. Haliwezi kuhamia kivulini. Jani hupokea mwanga mwingi kuliko linavyoweza kuutumia kujitengenezea chakula, na nishati ya ziada huzalisha oksijeni yenye ukali inayoweza kuunguza jani lenyewe kutoka ndani. Flavonoidi zilizo katika ngozi ya juu ya jani huzuia mionzi ya urujuanimno kama mwavuli, na antioksidanti nyingine huizima ile oksijeni kabla haijaleta madhara. Kisha asubuhi yenye umande huleta vijimbegu vya kuvu kwa maelfu, na hakuna mtu anayelipulizia gugu dawa. Lililobaki hai hadi leo ni lile lililoweza kujilinda.

Mahindi nayo hayakuachwa mikono mitupu, kwani mche mchanga wa mahindi una kemikali zake za kupambana na kuvu na wadudu. Hata hivyo, mimea tunayoilima imepita mikononi mwa watu kwa maelfu ya miaka, na katika kila kizazi mkulima alichagua iliyo tamu zaidi, laini zaidi na yenye mazao makubwa zaidi. Uchungu na ukakasi ulioondolewa kwa njia hiyo mara nyingi ndio uliokuwa ulinzi wa mmea. Gugu halikuchaguliwa na mtu yeyote.

Fenilheptatraini inastahili maelezo zaidi, kwa sababu utendaji wake ni wa kushangaza. Katika miaka ya 1970 na 1980, maabara ya Neil Towers katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada ilichunguza kwa kina kemikali za mimea zinazopata ukali zinapoangaziwa. Ilionekana kwamba fenilheptatraini huua hamira iitwayo Candida albicans, ile inayosababisha utando mweupe mdomoni mwa watoto wachanga, na kwamba nguvu yake huongezeka sana inapopigwa na mionzi ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua. Kwa hiyo kishonanguo kimebeba silaha ambayo jua lilelile linalokitesa ndilo huiamsha. Jamaa yake, bangi mwitu, ambayo haihusiani hata kidogo na bangi inayolevya na kwa jina la kitaalamu huitwa Tagetes minuta, ina kemikali za ukoo huohuo katika mizizi yake, nazo huwadhuru minyoo fundo wanaoshambulia mizizi ya nyanya.

Hapa pana jambo ambalo mtu anayetaka kutengeneza dawa nyumbani hana budi kulijua. Kemikali inayoamshwa na mwanga huharibiwa pia na mwanga. Maji ya kishonanguo yaliyokaa wiki nzima katika chupa angavu dirishani si yale uliyoyakamua siku ya kwanza, hata kama rangi yake haijabadilika.

Kuhusu shamba lako, usikiache kishonanguo kwa sababu ya sifa zake. Kinanyonya maji na naitrojeni ambavyo kahawa inavihitaji. Kipalilie kabla hakijachanua, ukilaze kiwe matandazo chini ya migomba, na yale majani machanga ya juu, kama familia yako imezoea kuyala, yachemsheni.

Mpendwa Mshauri, sisi ni wanafunzi wa sekondari. Katika mradi wetu wa sayansi tulipima dondoo, yaani kemikali zilizokamuliwa, la mchicha pori kwa kutumia DPPH tukapata asilimia 90. Wenzetu wanasema tuandike kwamba mchicha pori unazuia saratani. Je, tuandike hivyo?
*Wanafunzi watatu, Nakuru*

Msiandike hivyo, wanangu, ingawa kazi mliyoifanya ni nzuri na ninawapongeza kwa moyo wote.

DPPH ni unga ambao ukiyeyushwa katika alkoholi hutoa rangi ya zambarau iliyokolea. Kila molekuli yake ina elektroni moja isiyo na mwenzake, na antioksidanti inapoipatia mwenzake, zambarau hufifia na kuwa manjano. Kipimo hiki kilichapishwa mwaka 1958 na mtafiti aitwaye Blois, na kinapendwa kwa sababu ni rahisi, kinachukua muda mfupi na matokeo yake yanaonekana kwa macho. Lakini DPPH haimo katika mwili wa binadamu. Asilimia 90 yenu inasema tu kwamba sehemu tisa kati ya kumi za molekuli za zambarau zilizimwa na kiasi cha dondoo mlichoweka, na msipotaja kiasi hicho, namba hiyo haisemi lolote, kwa maana hata dondoo dhaifu likimiminwa kwa wingi litafikisha asilimia 90. Pimeni viwango vitano au sita tofauti, chorani grafu, na mtafute kiwango kinachozima nusu ya rangi. Kisha pimeni vitamini C kwa njia ileile siku hiyohiyo, ndipo mlinganishe.

Yanayotokea baada ya mtu kumeza ni hadithi nyingine. Flavonoidi nyingi hupenya utumbo kwa kiasi kidogo, na hicho kidogo hubadilishwa na bakteria wa tumboni na ini kabla hakijafika popote. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali lililopanga vyakula kwa nguvu ya antioksidanti iliyopimwa maabara, na mwaka 2012 ililiondoa, kwa sababu namba zile hazikuonyesha faida ndani ya mwili na wauzaji walikuwa wakizitumia vibaya. Na kuna fundisho lililo zito zaidi. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki katika jaribio ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 1994. Waliopewa vidonge vya betakarotini, antioksidanti iliyotarajiwa kuwakinga na saratani ya mapafu, waliipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Karoti na mchicha havikuacha kuwa vyakula vizuri kwa sababu hiyo. Kilichoonekana ni kwamba kemikali iliyotolewa ndani ya mmea na kumezwa kwa wingi haifanyi kazi kama mboga iliyo sahanini.

Andikeni mlichokiona: dondoo la mchicha pori, kwa kiasi kadha cha miligramu katika mililita, lilipunguza rangi ya DPPH kwa asilimia kadha. Sentensi hiyo ni ya kweli, na hakuna jaji wa maonyesho ya sayansi atakayeweza kuiangusha.

Ndugu Mhariri, mwaka jana bakajani chelewa iliniharibia ekari nzima ya viazi. Jirani yangu anaponda kishonanguo na bangi mwitu, analoweka usiku kucha, anachuja, anatia sabuni na kupulizia. Anasema dawa za dukani ni za kupoteza fedha. Je, nimfuate?
*Mkulima wa viazi, Njombe*

Pole sana kwa hasara hiyo. Ninaijua picha ya shamba la viazi lililokuwa la kijani siku ya Jumapili na kufikia Jumapili ya pili limekuwa jeusi na linanuka. Kwa ugonjwa huu hasa, usimfuate jirani yako kwa shamba zima.

Kinachosababisha bakajani chelewa ni kiumbe kiitwacho Phytophthora infestans. Kwa mazoea sisi sote tunakiita ukungu, lakini si kuvu halisi. Ukoo wake uko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini kuliko na uyoga. Kuta za seli za kuvu halisi hujengwa kwa kemikali iitwayo kitini, ilhali za kiumbe hiki hujengwa zaidi kwa selulosi, na baadhi ya njia ambazo dawa za kuvu hutumia kuua hazimgusi kabisa. Majaribio mengi ya magugu hufanywa juu ya kuvu halisi, kama Fusarium anayenyausha nyanya au Colletotrichum anayeozesha maembe na maparachichi. Mtu akisoma kwamba gugu fulani linaua kuvu, akaenda kulipulizia bakajani chelewa, amehamisha ushahidi kutoka kwa kiumbe mmoja kwenda kwa mwingine.

Lipo pia suala la maji. Watafiti hutoa kemikali za magugu kwa methanoli, ethanoli au heksani, kwa sababu nyingi ya zile zenye nguvu dhidi ya kuvu, poliasetilini zikiwamo, huyeyuka katika mafuta na kuyakwepa maji. Ndoo ya jirani yako imebeba zaidi vitu vinavyoyeyuka majini, na huenda silaha yenyewe imebaki kwenye makapi aliyoyatupa. Si jambo dogo hili. Tu Youyou wa China, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria iliyotokana na mmea wa Artemisia annua, alikwama kwanza kwa sababu michujo yake haikuwa na nguvu ya kutegemewa. Alifanikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipoacha joto kali na kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Mmea haukubadilika, kilichobadilika ni namna ya kuikamua dawa yake.

Hata hivyo sitaki ukate tamaa na magugu, kwa sababu mawili ya nchi nyingine yamekwisha kuingia mashambani kihalali. Umoja wa Ulaya uliidhinisha mwaka 2014 matumizi ya mchemsho wa Equisetum arvense, gugu sugu la mashamba ya huko lenye silika nyingi, dhidi ya magonjwa ya kuvu. La pili ni Reynoutria sachalinensis, gugu refu lenye asili ya Japani na kisiwa cha Sakhalin, ambalo dondoo lake huuzwa Marekani kama dawa ya mimea. Utendaji wake unanivutia kuliko wa dawa nyingi ninazozijua. Haliui ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu unaoacha unga mweupe juu ya majani, moja kwa moja. Likipuliziwa kwenye majani ya tango, huliamsha tango lenyewe litengeneze kemikali zake za kujilinda. Ndiyo maana ni lazima lipuliziwe kabla ugonjwa haujaingia. Mkulima anayengoja mpaka aone unga mweupe amekwisha kuchelewa.

Kama unataka kujaribu mchanganyiko wa jirani, ujaribu kwenye mistari michache pembeni, na uweke mistari mingine iliyopuliziwa maji na sabuni peke yake. Wengi husahau sehemu hiyo. Sabuni yenyewe hudhuru baadhi ya kuvu na wadudu laini, na kishonanguo hupewa sifa isiyokuwa yake. Kwa shamba lililobaki, tumia mbegu safi, chagua aina zenye ukinzani ambazo bwana shamba wako anazifahamu, ng'oa viazi vya masalia vinavyoota vyenyewe, na badilisha aina za dawa ili kimelea kisizoee moja. Mwambie pia jirani yako kwamba akianza kuwauzia wengine mchanganyiko wake atahitaji kuusajili kwanza kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Mheshimiwa Mhariri, mjukuu wangu wa miaka mitano ana punye kichwani. Jirani amenishauri nipasue tunda la mtunguja, lile ambalo watu wa bara huliita ndulele, nimsugue nalo asubuhi na jioni. Nimeogopa, ndipo nikaandika.
*Bibi, Kilifi*

Shikamoo Bibi. Umefanya vyema kuogopa, na tafadhali usimsugue.

Jirani yako hakubuni jambo. Ndulele, yaani Solanum incanum, ina kemikali kama solamajini ambazo huua kuvu kwa kuling'ang'ania fati fulani katika utando wa seli zake, iitwayo egosteroli, hadi utando utoboke. Tatizo ni kwamba utando wa seli za binadamu una fati iliyo ndugu yake, kolesteroli, na solamajini huishika hiyo nayo. Dawa za hospitali za jamii ya klotrimazo zilichaguliwa kwa sababu huzuia utengenezaji wa egosteroli kwa viwango visivyotudhuru sisi. Utomvu wa tunda hauna ubaguzi huo. Juu ya ngozi ya kichwa iliyochubuka utachoma, unaweza kutiririka hadi machoni, na mtoto wa miaka mitano hulamba vidole vyake.

Isitoshe, punye ya kichwani hukaa ndani ya unywele na mzizi wake, mahali ambapo hata marhamu nzuri ya dukani haifiki. Choa cha mkononi au kifuani hupona kwa kupaka, lakini punye huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa kawaida griseofulvini au tabinafini, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mtoto. Mpeleke kituo cha afya. Hiyo griseofulvini, Bibi, yenyewe ilipatikana mwaka 1939 kutoka katika ukungu wa jamii ya Penicillium, kwa hiyo mjukuu wako atatibiwa kuvu kwa kemikali iliyotengenezwa na kuvu. Kwa sasa tenga kitana chake, taulo yake na kofia yake, na kinyozi asitumie mashine ileile kwa watoto wengine bila kuisafisha kwa dawa.

Ndugu Mhariri, bibi yetu alikuwa akiweka matawi makavu ya kivumbasi kati ya magunia ya mahindi. Sasa tunafundishwa kuhusu sumukuvu. Je, kivumbasi kinaizuia?
*Mama mkulima, Kongwa, Dodoma*

Desturi ya bibi yenu ilikuwa na akili ndani yake, mama, na ningependa isidharauliwe. Ningependa pia isibebeshwe mzigo isioweza kuubeba, kwa sababu mkoa wenu wa Dodoma, pamoja na Manyara, ulipoteza watu kwa sumukuvu mwaka 2016, na nchini Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kati yao 125 walifariki.

Kivumbasi kinachoota pembezoni mwa mashamba na njia, Ocimum gratissimum, kina mafuta yenye harufu kali. Katika mimea mingi ya jamii hii kemikali kubwa ni yujenoli, ambayo ndiyo hiyohiyo inayoipa harufu karafuu ya Pemba na Unguja; katika mingine ni thaimoli. Zote mbili huzuia Aspergillus flavus, kuvu anayetengeneza sumukuvu, asikue katika kisahani cha maabara, na hata mvuke wake peke yake hufanya kazi hiyo. Harufu hiyo pia huwafukuza wadudu, na punje isiyotobolewa na fukusi ni ngumu kwa kuvu kuingia. Huenda msaada mkubwa wa kivumbasi ghalani kwenu ulikuwa huo.

Lakini mafuta ya maabara yamekamuliwa kutoka kilo nyingi za majani na kuwekwa katika chombo kidogo kilichofunikwa. Ghala lina hewa inayopita, na mafuta hayo huruka hadi yakaisha. Matawi yasiyokauka vizuri huongeza unyevu ndani ya gunia, na unyevu ndio mlango wa kuvu. Zaidi ya hayo, mara nyingi kuvu huingia kwenye muhindi ungali shambani, hasa mvua inapokatika wakati punje zinajaa, kwa hiyo unaweza kuleta nyumbani mahindi ambayo tayari yana sumu. Kivumbasi hakiiondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa, na moto wa jiko hauiondoi pia. Ugali uliopikwa ukaiva bado unakuwa nayo.

Kwa hiyo anza na ukaushaji. Anika juu ya turubai wala si juu ya ardhi, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13 au chini yake. Kama hamna kipimo, chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi theluthi moja na chumvi kavu vijiko vichache, funga, tikisa dakika chache na uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi, nami ningeanika siku moja au mbili zaidi kwa usalama. Chambua punje zilizoota ukungu, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa, wala usiwape kuku au ng'ombe, kwa maana sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Hifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa. Uliza pia kuhusu Aflasafe, iliyosajiliwa Tanzania mwaka 2018, ambayo ni kuvu ndugu asiyetengeneza sumu anayemwagwa shambani ili amnyime nafasi yule mwenye sumu. Baada ya hayo yote, ukitaka kuweka matawi makavu ya kivumbasi juu na kati ya mifuko kama alivyofanya bibi, weka.

Kikundi chetu cha vijana kinataka kukusanya gugu karoti, ambalo limejaa kwetu, tutengeneze dawa ya kuvu ya kuuza. Tuanzie wapi?
*Katibu wa kikundi, Arusha*

Msianze. Ni kweli kwamba pathenini, kemikali kuu ya gugu hilo, hudhuru kuvu. Kemikali hiyohiyo hushikamana na protini za ngozi ya binadamu na kuleta mzio ambao kwa wengine hudumu miaka mingi, uso na shingo vikivimba na kuwasha kila wanapolikaribia. Chavua yake huamsha pumu, na maziwa ya mifugo iliyolila huwa machungu. Kulibeba kutoka kijiji kimoja hadi kingine ni kulisambaza, kwani mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Nguvu za kikundi chenu zitasaidia zaidi katika kuling'oa kabla halijachanua, mkiwa mmevaa glavu na nguo za mikono mirefu.

Je, kuchemsha mnavu na mgagani, na kumwaga maji ili kuondoa uchungu, hakupotezi hizo antioksidanti?
*Mama Lishe, Bungoma*

Sehemu hupotea. Vitamini C huyeyuka majini na huharibiwa na joto, kwa hiyo ndiyo inayopungua zaidi. Flavonoidi hupungua kiasi, na karotini hubaki kwa wingi. Uchungu wa mgagani hutokana na kemikali za ukoo wa zile za kabichi na haradali, na ule wa mnavu na zile za ukoo wa solamajini niliyoitaja hapo juu, ndiyo maana kumwaga maji ya kwanza ya mnavu mchungu sana ni busara ambayo sitaipinga. Kwa mnavu laini usio mchungu, tumia maji kidogo, usichemshe muda mrefu, na utie mafuta, maziwa au karanga, kwa sababu karotini hufyonzwa vizuri pamoja na fati. Tunda bichi la kijani la mnavu lisiliwe. Wala usichume mboga yoyote ya porini kwenye shamba lililopuliziwa kiua gugu au kando ya barabara kuu.

Nitajuaje kwa uhakika kwamba mmea nilioushika ndio ule unaoandikwa, ilhali kila kabila lina jina lake?
*Msomaji, Morogoro*

Swali hili lingepaswa kutangulia yote. Jina la kienyeji hubadilika kila baada ya kilomita chache, na jina moja huweza kubeba mimea mitatu. Kukosea kuna gharama. Mwaka 2019 nchini Uganda, watu zaidi ya 300 waliugua na 5 wakafariki baada ya kula unga wa lishe uliochanganyika na mbegu za mnanaha, gugu lenye kemikali za atropini na skopolamini, ambalo lilikuwa limevunwa pamoja na mazao.

Chukua tawi lenye majani, maua na, ikiwezekana, matunda. Tawi la majani matupu humsumbua hata mtaalamu. Litandaze kati ya kurasa za gazeti huku jani moja ukiwa umeligeuza ili mgongo wake uonekane, weka uzito juu yake, na ubadilishe magazeti kila siku hadi tawi likauke. Peleka kwenye hifadhi ya mimea, yaani mahali panapotunzwa mimea iliyokaushwa, iliyo Ngaramtoni, Arusha, au ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasomaji wa Kenya wana Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kwenye karatasi ya pembeni andika tarehe, kijiji, aina ya udongo, zao lililokuwa likilimwa hapo, jina la mmea kwa lugha yenu, na rangi ya ua siku ulipolichuma, kwa kuwa likishakauka rangi hiyo haitaonekana tena.